Ndanda haikushuka Julai

LIGI ya msimu wa 2019/20 ilikwisha, makombe yakagawiwa na Kusini ikabaki na timu moja tu Ligi Kuu. Ndanda ya Mtwara ilishuka. Namungo ya Ruangwa ikapata tiketi ya kucheza Afrika. Mikoa ni jirani, barabara ni ile ile, korosho ni zile zile, lakini mmoja alikuwa akifuatilia pasipoti za wachezaji na mwingine akipiga hesabu ya nauli za Daraja la Kwanza.

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Mtwara, kuanzia Magomeni, Chikongola, Shangani hadi kule Mikindani, kila mtu ana jibu lake la kwa nini Wana Kuchele wameshuka. Wapo wanaomlaumu mwamuzi. Wapo wanaolaumu corona iliyosimamisha ligi Machi na kuirudisha Juni 13, mechi zikabanwa mpaka Julai 26 kama dagaa kwenye kikapu. Wapo wanaolaumu umbali. Na yupo yule mzee anayemaliza mjadala kwa kusema, "Hata hivyo Simba hawakutufunga hapa."

Ni kweli, Simba hawakufunga. Julai 2020, wakiwa tayari mabingwa, walifika Nangwanda Sijaona na kuondoka na suluhu. Mtwara ikapiga vuvuzela, bodaboda zikapiga honi, watu wakaenda kulala wakiwa wameridhika. Wiki tatu baadaye ligi ikamalizika na Ndanda ikawa chini ya mstari.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Ndanda haikushuka Julai. Ilikuwa inashuka taratibu kwa miaka sita, na kila mara ilipochungulia kaburi ikatokea suluhu ya Simba au ushindi dhidi ya Yanga uliowafanya watu wasahau kaburi lenyewe.

MIAKA SITA YA KUNING'INIA

Kumbukumbu ni muhimu. Ndanda ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 pamoja na Stand United na Polisi Morogoro. Mechi ya kwanza kabisa, Septemba 20, 2014, ilikwenda Shinyanga na kuipiga Stand United 4-1 kwenye Uwanja wa Kambarage. Nyumbani kwa watu! Mtwara ikasema kumekucha, na ndiyo maana halisi ya hilo neno Kuchele.

Jua lile halikupanda sana. Msimu ulipofika mwisho, Ndanda ilikuwa inatafuta pa kushika. Mei 9, 2015 ikaifunga Yanga 1-0 pale pale Nangwanda, Yanga ikiwa imeshatwaa ubingwa. Polisi Morogoro na Ruvu Shooting zikashuka, Ndanda ikapona. Kwa mashabiki wengi wa Mtwara ile ndiyo siku kubwa kuliko zote. Kwa mtu anayeangalia msimamo, ilikuwa onyo: timu iliyoanza kwa 4-1 ilimaliza ikisubiri bingwa aliyeshiba aje kuiokoa.

Msimu uliofuata ukaja na tukio ambalo hadi leo lingepaswa kuuma zaidi ya kushuka kwenyewe. Mei 14, 2016, Ndanda ilikuwa na mechi ya nyumbani dhidi ya Yanga. Ikachezwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Matokeo 2-2, Yanga wakakabidhiwa kombe lao mbele ya mashabiki wao. Mechi ya nyumbani ya Mtwara ikawa sherehe ya Jangwani.

Mahesabu ya mlangoni yanaeleweka. Taifa inaingiza watu wengi kuliko Nangwanda, na klabu isiyo na mfuko hukubali. Lakini shabiki wa Newala au Msimbati aliyekuwa amepanga kushuka mjini siku hiyo aliambiwa nini? Aliambiwa kwamba timu yake inaweza kuhamishwa ikija siku nzuri. Mtu ukishamwambia hivyo, siku mbaya usimtafute.

Mwaka 2018 zikashuka Njombe Mji na Majimaji ya Songea, jirani wa Kusini kabisa. Ndanda ikabaki. Septemba mwaka huo ikatoka suluhu na Simba, Aprili 2019 ikatoka 1-1 na Yanga, zote Nangwanda. Ikabaki tena. Kila ikibaki, watu wanasema "timu yetu ngumu hii, haishuki". Hakuna aliyeuliza kwa nini timu ngumu inamaliza kila msimu ikiwa ukingoni.

HESABU YA SARE

Tuache hisia, tuchukue kalamu. Ligi ya timu 20 ina mechi 38. Chukua timu isiyofungwa hata mechi moja msimu mzima, lakini kila mechi inatoka sare. Inamaliza na pointi 38. Chukua nyingine iliyofungwa mechi 25, ikashinda 13. Hiyo inamaliza na pointi 39.

Soma tena hapo. Timu iliyopigwa mara 25 inakaa juu ya timu isiyopigwa kabisa.

Ndiyo maana wale wanaojua kupona hawaihesabu sare kama mafanikio, wanaihesabu kama pointi mbili zilizoanguka njiani. Ili ukae salama kwenye ligi ya namna hii unahitaji kama pointi moja na robo kwa kila mechi, yaani 47 au 48 kwa msimu. Hizo huzipati kwa suluhu na Simba. Unazipata kwa kuwafunga wanaofanana na wewe: Mbao, Alliance, Lipuli, Mbeya City, Mwadui, Biashara. Ukimfunga mmoja wa hao unachukua tatu na yeye anakosa tatu. Wahenga wa soka wanaiita mechi ya pointi sita, na hawatanii.

Sasa jiulize, mechi za pointi sita zinachezwaje Mtwara? Simba au Yanga wakija, mji unasimama. Wanatoka Masasi, Nanyumbu, Tandahimba, wengine Lindi. Nusu ya uwanja imevaa nyekundu au njano, lakini umejaa, na wachezaji wa Ndanda wanacheza kama wanaonekana na dunia nzima. Anayekimbia kilomita kumi siku nyingine, siku hiyo anakimbia kumi na mbili.

Wiki inayofuata anakuja mtu mwingine, jua kali, Jumatano saa kumi jioni. Jukwaani wamekaa wazee, watoto wa shule na muuza karanga. Mchezaji yule yule aliyemkaba Meddie Kagere wiki iliyopita sasa anatembea. Wageni wanapata kona moja, wanafunga, wanaanza kupoteza muda, mechi imekwisha. Pointi sita zimepanda basi na wageni.

Shabiki hawezi kusema hahusiki. Timu hucheza kwa kiwango cha macho yanayoiangalia. Mji uliokuwa unaipenda Ndanda siku mbili kwa mwaka ulipata timu inayocheza mpira siku mbili kwa mwaka.

MCHUJO HAUNA HURUMA

Msimu wa 2019/20 mstari ulikuwa mpana. Timu nne zilishuka moja kwa moja: Singida United, Lipuli, Alliance na Ndanda. Mbili za juu yake, Mbeya City na Mbao, zikapelekwa kwenye mchujo dhidi ya Geita Gold na Ihefu za Daraja la Kwanza. Yaani hata ngazi ile ya pili ya kujiokoa, ya kukata roho kwa dakika 180, Ndanda haikuifikia.

Lakini kilichotokea kwenye mchujo kina somo kwa Mtwara. Mbeya City ilipenya mbele ya Geita Gold kwa shida. Mbao yalimkuta ya kumkuta. Ilifungwa 2-0 kule Mbarali, ikarudi CCM Kirumba na kushinda 4-2. Jumla 4-4. Ihefu ikapanda kwa mabao mawili ya ugenini.

Mbao walifunga mabao manne kwenye mechi moja, wakashinda, wakashuka. Ukitaka kuelewa thamani ya bao moja unaloruhusu kizembe dakika za mwisho, muulize shabiki wa Mwanza leo. Mji wake ulipoteza Mbao na Alliance kwa mpigo, na Lipuli ikaiacha Iringa patupu.

Wenzetu Marekani, kwenye ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu, hawana taabu hii. Ligi ya NFL ina timu 32 na hakuna inayoshuka. Cincinnati Bengals walishinda mechi mbili tu kati ya 16 msimu wa 2019, wakashika mkia, na zawadi yao Aprili 2020 ilikuwa kuchagua wa kwanza kati ya vijana wote wanaotoka vyuoni. Wakamchukua Joe Burrow. Kule ukianguka unanyanyuliwa. Huku ukianguka, wachezaji wako wazuri wanachukuliwa kabla vumbi halijatulia, na anayekuja kukusaidia hayupo. Kwa hiyo huku, kinga ni kabla ya kuanguka. Baada ya hapo ni matanga.

WALIOCHEZA FAINALI WAKO WAPI?

Kabla Mtwara haijaionea Namungo wivu, na kabla Ruangwa haijalewa sifa, kuna orodha fupi ya kutazama.

Mwaka 2017, fainali ya Kombe la FA, Dodoma: Simba 2, Mbao 1.

Mwaka 2018, fainali, Arusha: Mtibwa Sugar 3, Singida United 2.

Mwaka 2019, fainali, tena hapa hapa Kusini kwenye Uwanja wa Ilulu, Lindi: Azam 1, Lipuli 0.

Mbao, Singida United, Lipuli. Timu tatu zilizopoteza fainali tatu mfululizo. Zote tatu zilishuka msimu mmoja, ule wa 2019/20.

Na Agosti 2, 2020, mjini Sumbawanga, nani alipoteza fainali? Namungo, 2-1 mbele ya Simba.

Huu si uchawi na hakuna haja ya kumtafuta mganga. Ni mfumo. Timu ndogo inapata nguvu kwa ghafla: mlezi mwenye jina, mfadhili mmoja, kocha mzuri, wachezaji wanane walioachwa na timu kubwa na wenye hasira ya kuonyesha. Inapaa. Singida United ilipanda mwaka 2017, msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya tano ikiwa na Hans van der Pluijm kwenye benchi, ikafika fainali. Nchi nzima ikasema hii ndiyo timu ya mfano. Miaka miwili baadaye ikashika mkia wa ligi.

Kilichobadilika si uwanja wala jezi. Timu inayosimama kwa mguu mmoja huanguka mguu huo ukichoka. Mlezi ana shughuli nyingine, mfadhili amepata hasara au amebadili mawazo, kocha ameondoka, na wale wanane wamepata dili. Klabu yenyewe, ile ya wanachama, akaunti, timu ya vijana na ofisi yenye kiti na karani, haikuwahi kujengwa.

Namungo ilifanya kazi nzuri na anayeibeza ana roho mbaya. Ilipanda mwaka 2019, ikamaliza ya nne chini ya kocha Hitimana Thierry, mbele yake wakiwa Simba, Yanga na Azam tu. Reliants Lusajo na Bigirimana Blaise waliwatesa mabeki nchi nzima. Simba wenyewe walikabidhiwa kombe lao la ligi pale Ruangwa Julai 2020 baada ya suluhu, na kwa kuwa Simba walibeba vikombe vyote viwili, Namungo ndiyo iliyopata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ni heshima ya Kusini nzima. Lakini orodha ile ya fainali ipo, na Ruangwa waibandike ukutani kwenye vyumba vya kubadilishia nguo.

NANI HAKUSHUKA?

Ukitaka kujua dawa, usiangalie walioshuka peke yao. Angalia ambao hawakushuka.

Kagera Sugar na Mtibwa Sugar zina viwanda vya sukari. Mwadui ina mgodi wa almasi. Prisons ina Magereza, Polisi Tanzania ina polisi, JKT Tanzania na Ruvu Shooting zina jeshi. KMC ina Manispaa ya Kinondoni. Azam haihitaji maelezo. Tisa hizo, hakuna hata moja iliyoshuka msimu ule. Nyingine zilicheza vibaya kweli kweli, zikafungwa ovyo, zikabadili makocha. Hazikushuka.

Mbeya City, ambayo ni ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilifika mlangoni pa kaburi, ikarudi.

Walioshuka ni Singida United, Lipuli, Ndanda, Mbao na Alliance. Alliance ina shule nyuma yake, ndiyo, lakini ada za wanafunzi si sawa na kiwanda. Zilizobaki ni timu za wananchi, na "timu ya wananchi" kwa lugha yetu mara nyingi maana yake ni timu ambayo hakuna anayewajibika kuilipa tarehe 30.

Mshahara wa mwezi ndio beki wa kati wa kwanza. Mchezaji anayejua Ijumaa atalipwa anapiga kichwa mpira ambao mwenzake asiyejua atauangalia ukipita. Kocha anayejua basi lipo anafikiria namna ya kumkaba winga, hafikirii nauli. Udhamini wa ligi ulirudi mwaka 2019 Vodacom waliporejea, na hilo lilisaidia, lakini mdhamini wa ligi anagawa kwa wote. Fedha inayopata kila mtu haimtofautishi mtu na mwingine.

UMBALI NI KWELI, ILA…

Watetezi wa Ndanda watasema Mtwara ni mbali. Hawaongopi. Kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam tu ni zaidi ya kilomita 550. Kwenda Mwanza au Mara unavuka nchi nzima kutoka Bahari ya Hindi mpaka Ziwa Victoria. Timu inayosafiri hivyo kwa basi inafika uwanjani ikiwa imeshacheza mechi moja barabarani.

Lakini barabara ina pande mbili. Anayekuja Mtwara naye anachoka vilevile. Timu iliyo mwisho wa barabara ina silaha ambayo timu ya Dar es Salaam haina: kila mgeni anafika miguu imevimba. Kagera Sugar iko kona nyingine ya nchi, Bukoba, na umbali ule ule unaoiumiza ikitoka ndio unaoilinda ikiwa Kaitaba. Nangwanda ilipaswa kuwa mahali ambapo watu wanaogopa kwenda. Mechi 19 za nyumbani ni pointi 57. Ukikusanya 36 kati ya hizo, ukienda ugenini unaokota mabaki tu na unalala salama.

Kwa hiyo umbali unaeleza kwa nini Ndanda ilifungwa ugenini. Hauelezi kwa nini ilipoteza pointi Mtwara.

KOROSHO, BANDARI NA SHILINGI MOJA

Sasa swali la mkate: mfuko utoke wapi? Mtwara si mji wa kusema hauna kitu. Kuna bandari. Kuna kiwanda cha saruji cha Dangote. Gesi ya Mnazi Bay inatoka huko huko jirani na mdomo wa Mto Ruvuma, inachakatwa Madimba na kusafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Na kuna korosho, ambayo fedha yake huanza kuingia mitaani Oktoba na Novemba, wakati ambao ligi ndiyo imechanganya.

Wakongwe wanaikumbuka Bandari ya Mtwara. Ilikuwa timu ya kazini, na timu ya kazini ilikuwa na kitu kimoja ambacho Ndanda haikuwa nacho: mwajiri. Hivyo wazo si geni hapa. Ni la zamani lililosahauliwa.

Njia ya kwanza ni ya KMC. Manispaa ya Mtwara Mikindani iamue kwa kikao, kwa bajeti inayosomwa hadharani, kwamba timu ni mali yake na ina fungu lake. Fungu dogo lenye uhakika linashinda ahadi kubwa ya jukwaani.

Njia ya pili ni ushirika. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka Mtwara. Tuchukue tani 100,000 tu. Shilingi moja, moja tu, kwa kila kilo ni Sh100 milioni. Haitoshi kuendesha timu ya Ligi Kuu, lakini kwa Daraja la Kwanza ni basi, ni kambi, ni mishahara isiyochelewa kwa miezi kadhaa.

Hapa lazima waungwana wasikilize upande wa pili. Mkulima wa Tandahimba ameshachoka na makato. Kila shilingi inayokatwa kwenye kilo ina jina na ahadi, na nyingine haijawahi kuonekana tena. Amepitia msimu wa 2018 ambao Serikali ilitangaza kununua kwa Sh3,300 kwa kilo na malipo yakawa gumzo la miezi. Ukimwambia leo atoe shilingi kwa ajili ya mpira, atakuuliza mambo mawili. Kwanza, nani anashika hizo fedha? Pili, kwa nini amlipie mshahara mchezaji wakati yeye mwenyewe ni Yanga?

Maswali yote mawili ni halali. La kwanza linajibiwa kwa hesabu: iwe ni hiari, iamuliwe kwenye mkutano wa chama cha msingi, na kila mwisho wa msimu mtu asimame asome zilizoingia na zilizotoka. Pasipo hilo, shilingi isikatwe. Bora timu ifie Daraja la Kwanza kuliko kuishi kwa jasho la mtu aliyedanganywa.

La pili ni gumu zaidi, maana halihusu fedha. Linahusu moyo. Mtwara ina Wanasimba na Wanayanga kwanza, Wanandanda baadaye. Hilo halitabadilika kwa kelele za redio. Litabadilika siku mtoto wa Mikindani atakapomwona kaka wa mtaani kwao, aliyekuwa akipiga naye chandimu mchangani, anaingia Nangwanda na jezi ya nyumbani.

WATOTO WAPO

Na watoto wapo. Maji yakitoka, ufukwe wa Msimbati unageuka viwanja kumi. Wanacheza pekupeku, mpira wa makaratasi na kamba, magoli ya magome ya minazi, na ukikaa nusu saa utaona vijana wawili ambao kocha yeyote angewachukua. Juni 2019 Mtwara ilikuwa mwenyeji wa michezo ya kitaifa ya shule. Vipaji vya nchi nzima vilipita mbele ya pua za viongozi wa soka wa mkoa.

Badala yake, kila dirisha la usajili Ndanda ilipanda kwenda Dar es Salaam kutafuta waliobaki. Mchezaji wa mkopo, mchezaji aliyeachwa, mchezaji anayetafuta pa kuonekana. Si dhambi kusajili hivyo, kila timu ndogo inafanya. Lakini mchezaji anayekuja Mtwara kama kituo cha basi hawezi kuumia timu ikishuka. Ana mkataba mwingine Agosti. Anayeumia ni yule ambaye mama yake anauza samaki sokoni na kesho ataulizwa.

Kushuka kunaweza kuwa nafasi ya kulirekebisha hilo. Daraja la Kwanza halina kamera nyingi, halina presha ya Simba. Ni mahali pa kuwapa dakika vijana wa miaka 18 na 19 ambao Ligi Kuu isingewavumilia.

ANAYERUDI NA ASIYERUDI

Historia inatoa mifano ya pande zote. Mwaka 2016 Tanga ilizika timu tatu kwa msimu mmoja: Coastal Union, African Sports na Mgambo. Coastal ikarudi mwaka 2018 na ipo mpaka leo. African Sports na Mgambo hazijaonekana tena. JKT Ruvu ilishuka 2017, ikarudi mwaka uliofuata kama JKT Tanzania. Toto Africans ilishuka mwaka huo huo, bado inasubiriwa. Majimaji, yenye historia kuliko nusu ya timu za ligi, ilishuka 2018 na Songea inaisikia Ligi Kuu redioni.

Tofauti ya wanaorudi na wasiorudi huonekana mapema, miezi mitatu ya kwanza. Wanaorudi hulipa madeni ya wachezaji, hubaki na nusu ya kikosi, huteua kocha kabla ya Septemba. Wasiorudi hutumia miezi hiyo kutafuta mchawi. Viongozi wanatupiana maneno, kunaitishwa mkutano wa kupindua, wachezaji wanaondoka na jezi, na timu inaanza Daraja la Kwanza na watu 14.

Na mlango ulizidi kuwa mwembamba. Ligi Kuu msimu wa 2020/21 ilikuwa na timu 18 badala ya 20. Dodoma Jiji, Gwambina na Ihefu walipanda. Nafasi hazikusubiri mtu.

Kwa hiyo Mtwara isipoteze muda kubishana kuhusu penalti ya mwezi wa pili. Manispaa itamke kama inaitaka timu au haiitaki. Vyama vya ushirika viulizwe kwa heshima, vikikataa vikubaliwe. Uongozi wa klabu utoe madeni yake hadharani, maana hakuna mwekezaji anayenunua gunia bila kulifungua. Shabiki naye ajipime. Kipimo chake si Simba wala Yanga, hao hawaji tena kwa sasa. Kipimo ni siku ya kazi, saa kumi jioni, Nangwanda, mgeni ni timu ambayo hata jina lake inabidi uulize.

Siku hiyo wakijaa watu elfu tatu, Ndanda itarudi. Wakija wazee, watoto wa shule na muuza karanga, basi hata ikirudi, haitakaa.